Jinsi ya kuchagua sinteza ya sauti nyingi ya kufanya kazi na sampla yenye sikwensa

Anayetafuta sinteza (mashine ya kutengeneza sauti za vyombo) ya kuunga kwenye MPC yake, ile sampla ya Akai inayorekodi vipande vya sauti na kuvipiga, huuliza kwanza: ina sauti ngapi ndani? Muuzaji anajibu mia tano au elfu moja, na mazungumzo yanaishia hapo. Idadi hiyo inaeleza ukubwa wa ghala tu. Sikwensa, yaani mpangaji wa noti aliyemo ndani ya sampla, ina swali lingine: ni sauti ngapi tofauti zinazoweza kulia wakati mmoja, kila moja ikipokea amri kwenye chaneli yake ya MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana amri? Besi kwenye chaneli ya 1, gitaa ya 2, ogani ya 3, zote kutoka mashine moja na bila kuingiliana. Hiyo ndiyo tunayoiita hapa sinteza ya sauti nyingi. DX7 ya Yamaha, ya mwaka 1983, pamoja na sifa zake zote hupiga aina moja tu ya sauti kwa wakati. TX81Z ya kampuni hiyohiyo, kisanduku chembamba cha 1987, hupiga nane.

Tunaandika tukiwa na studio ndogo za Lubumbashi akilini: chumba kimoja Katuba au Kampemba, sampla ipo tayari, umeme unakwenda na kurudi, na kila kifaa kimefika kwa safari ndefu. Kukosea kununua hapa ni ghali, kwa sababu kurudisha mzigo haiwezekani.

Hesabu wimbo kabla ya kuhesabu mashine

Chukua wimbo mmoja wa aina unayoitengeneza kila wiki, kaa na karatasi, uandike kila chombo unachokisikia. Kwenye rumba yenye sebene (sehemu ya kasi ya kuchezea) utapata besi, gitaa la akompanyama (la kusindikiza), mi-solo (gitaa la kati), solo, nyuzi za kujaza nyuma, tarumbeta, labda ogani, kisha dramu na atalaku, yule anayechangamsha wachezaji kwa sauti. Ukitengeneza kitu cha mtindo wa zamani wa gitaa la Katanga, ule wa Mwenda wa Bayeke, kumbuka kwamba gitaa moja linafanya kazi ya vyombo viwili: kidole gumba kinatembea na besi, shahada inapiga nyimbo. Kwenye sikwensa vitenganishe katika chaneli mbili, la sivyo huwezi kupunguza besi bila kupunguza na nyimbo.

Dramu na atalaku wape sampla. Usiwapeleke kwenye sinteza hata kama ina dramu nzuri, na sababu ni ya kiufundi. Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na amri ya kupiga noti moja hutumia karibu milisekunde moja. Noti hazipiti pamoja, zinapanga foleni. Kwenye pigo la kwanza la sebene, ambapo kiki, hai-hati, besi, kodi ya gitaa (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na tarumbeta vinaanza kwa pamoja, noti kumi na mbili zinamaliza milisekunde kumi na mbili mlangoni. Kwa nyuzi hakuna atakayesikia. Kwa kiki na sneya, mchezaji anasikia kwamba kuna kitu kimelegea. Dramu zikibaki ndani ya sampla hazipiti kwenye waya huo kabisa.

Makoo: mahali watu wengi wanapokwama

Kila mashine ina idadi ya noti inazoweza kuzipiga kwa mkupuo. Tuziite makoo, maana moja likishikwa haliwezi kuimba kingine. Kijitabu kitasema makoo 64, nawe utadhani una noti 64. Huna. Katika mashine kama Roland JV-1080 ya 1994, sauti moja inaweza kujengwa kwa tabaka moja hadi nne, na kila tabaka linakula koo moja kwa kila noti. Sauti nene ya tabaka nne inakuachia noti 16 tu kwa mashine nzima.

Tupige hesabu ya wimbo wetu. Besi, noti moja yenye tabaka mbili: makoo 2. Akompanyama, noti tatu kwa tabaka mbili: 6. Mi-solo, noti mbili kwa tabaka mbili: 4. Solo: 2. Tarumbeta, noti tatu kwa tabaka tatu: 9. Ogani, noti nne kwa tabaka mbili: 8. Sasa nyuzi: noti nne kwa tabaka nne ni 16, lakini nyuzi zina mkia mrefu. Kodi mpya inapoingia, ile ya zamani bado inafifia, kwa hiyo kwa muda huo zinahitaji 32. Jumla ni 63. Mashine ya makoo 64 imejaa, na hata dramu moja hatujaipeleka huko.

Makoo yakizidi, mashine haikupi onyo. Inanyamazisha noti iliyotangulia, na mara nyingi inayokatwa ni ile inayofifia au ya besi iliyoshikwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana besi hupotea katikati ya kibwagizo, ukadhani ni waya mbovu. Dawa ya kwanza ni kuchagua nyuzi za tabaka mbili badala ya nne. Ndani ya miksi iliyojaa tofauti ni ndogo sana. Dawa ya pili ni kipengele cha Voice Reserve, kilichomo katika JV na mashine nyingi za aina yake: unaitengea besi makoo yake mawili ambayo hakuna mwingine atakayeyagusa.

Efekti, na kwa nini sauti ya dukani hupotea nyumbani

Sehemu hii isome polepole. Dukani unasikiliza sauti moja moja, na kila moja inakuja na efekti zake: ogani inazunguka, gitaa lina korasi, nyuzi zina mwangwi mpana. Ukiingia kwenye hali ya sauti nyingi, ambayo Roland huiita Performance na wengine Multi, Combi au Mix, efekti hizo haziwatoshi wote. JV-1080 ina kitengo kimoja kikubwa cha efekti, pamoja na korasi moja na mwangwi mmoja vya kugawana sehemu zote 16 (kila sehemu ni sauti moja kwenye chaneli yake). JV-2080 ya 1997 ina vitengo vitatu. Matokeo yake ogani iliyokufanya ununue mashine inageuka kuwa mluzi mkavu, nawe unadhani umeuziwa kifaa kibovu.

Kwa hiyo, unapolinganisha mashine mbili, tafuta kwenye kijitabu ni efekti ngapi zinazofanya kazi *katika hali ya sauti nyingi*. Namba hiyo ina thamani kuliko sauti mia tano za ziada.

Hapa pia ndipo sampla inapolipa gharama yake. Ipe ogani efekti kubwa, zima sehemu nyingine zote, rekodi ogani peke yake ndani ya sampla, kisha itumie efekti hiyohiyo kwa gitaa, halafu tarumbeta. Baa 8 za 4/4 kwa tempo ya 120 ni sekunde 16. Stereo ya biti 16 kwa 44.1 kHz inakula karibu MB 10.6 kwa dakika, hivyo kipande hicho kinachukua MB 2.8 hivi, mono ni nusu yake. Kwenye MPC1000 yenye kumbukumbu ya MB 16 ya kiwandani hesabu hiyo ni muhimu: rekodi besi na gitaa kwa mono, ubakize stereo kwa nyuzi. Acha baa moja ya ziada mwishoni ili mkia wa mwangwi usikatwe.

Kwa anayefanya kazi namna hii, matundu ya kutolea sauti yanapungua umuhimu. Kwa anayetaka kuchanganya moja kwa moja kwenye miksa, au kupiga jukwaani, tafuta angalau manne: besi iwe na njia yake, kwa sababu ndiyo inayohitaji kubanwa na kusawazishwa peke yake. JV-1080 ina matundu sita, Virus C ya Access sita, Nord Rack 2 manne. Waldorf Blofeld, mashine nzuri ya 2007 yenye sehemu 16, ina jozi moja tu.

Sampla yako inaweza kuongoza kweli?

Jambo hili litazame kabla ya kutoa hata dola moja. SP-404 ya kwanza ya Roland ina MIDI IN peke yake. Inapokea amri lakini haitoi, hivyo haiwezi kuendesha sinteza yoyote. Digitakt ya kwanza ya Elektron ina traki nane za MIDI, lakini kila hatua inabeba noti nne tu; kodi ya ogani ya noti tano haiingii, itabidi uigawe katika traki mbili. Tena inarekodi kwa mono. MPC hazina kizuizi hicho cha noti, na MPC1000 ina MIDI OUT mbili, yaani chaneli 32.

Kisha angalia umbo la tundu. Pini 5 kwa pini 5 hakuna tatizo, ilimradi waya usizidi mita 15. Vifaa vipya vingi vina tundu dogo kama la hedifoni, na hilo lina mpangilio wa aina mbili, A na B. Aina A ndiyo iliyopitishwa kuwa ya kawaida mwaka 2018, lakini vifaa vya kabla ya hapo hutofautiana. Ukiweka adapta ya aina isiyofaa hakuna kinachoungua; kinachotokea ni kimya. Halafu kuna vifaa vyenye USB ya mraba peke yake, iliyoandikwa TO HOST. Viwili vya namna hiyo havizungumzi. Vinahitaji mwenyeji (kifaa kinachoongoza mawasiliano ya USB) kati yao: MPC One na MPC Live zina tundu la USB la kupokea vifaa vya MIDI, MPC1000 haina, na itakulazimu kununua kisanduku cha USB host.

Mashine za kufikiria

Kama unapiga rumba, nyimbo za kanisa na kwaya, unahitaji vyombo vinavyofanana na vya kweli: JV-1080, JV-2080, XV-5080 yenye makoo 128 na sehemu 32, au Proteus 2000 ya E-mu, nayo ina makoo 128 na sehemu 32. Kwa pesa ndogo, moduli (sinteza zisizo na kinanda) za zamani za Sound Canvas ya Roland kama SC-88 zinafanya kazi kwa uaminifu. Sauti zake zina harufu ya miaka ya 1990, ambayo kwa nyuzi na tarumbeta za ndombolo inafaa kabisa. Kama kazi yako ni dansi na hip-hop, ukitaka besi zinazonguruma na sauti zinazobadilika, tafuta Virus B au C, Blofeld, au Nord Rack 2. Hizi zina makoo machache, Blofeld hayazidi 25, lakini muziki wa aina hiyo hauna kodi nene saba kwa pamoja.

Mwenye MPC ya kisasa aanze kwa kufungua alichonacho. MPC One na ndugu zake zina sinteza ndani yake. Zitumie mwezi mmoja kwanza, uandike kila unachokosa. Na piano ya kanisani, ile PSR ya Yamaha iliyopo tayari, nayo hupokea chaneli 16 mara nyingi. Tafuta mwishoni mwa kijitabu chake jedwali la MIDI. Mahali pa chaneli zinazopokelewa pakionyesha 1 hadi 16, na sehemu tofauti zikiweza kubeba sauti tofauti, tayari unayo sinteza ya sauti nyingi bila kutoa hata franga.

Kati ya moduli na kinanda kizima, sisi tungechukua moduli. Inapita mpaka wa Kasumbalesa ndani ya katoni ndogo, haina vibonye vya kuvunjika, na kwenye vinanda vya zamani kuna ugonjwa ambao picha za muuzaji hazionyeshi: katika Roland JD-800, gundi nyekundu iliyoshika vizito vya vibonye inayeyuka na miaka na kutiririkia ndani.

Umeme, kabla ya yote

Umeme wetu ni volti 220. Mashine zilizotumika Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na nyingi za rafu zina pawa ndani isiyobadilika. Ukiichomeka ukutani bila kusoma, inakufa kwa sekunde moja. Mwombe muuzaji picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Ikiandikwa 100V, ongeza kwenye bei transfoma ya kushusha. Ikiwa na adapta ya nje, angalia alama: mstari wenye nukta chini ni DC, wimbi ni AC. Vifaa kadhaa vya zamani vinataka AC, na adapta za barabarani karibu zote ni DC. Angalia pia kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Roland nyingi ni hasi.

Umeme unaporudi baada ya delestaji (mgao wa umeme) huja na mruko. Chomoa, subiri dakika mbili tatu utulie, ndipo uwashe. Wakati wa mvua, radi ikianza, chomoa na nyaya za sauti. Ukitumia inveta, chagua ya wimbi safi. Zile za bei rahisi huleta mngurumo ambao huwezi kuutoa kwenye rekodi.

Kujaribu kabla ya kununua

Nenda na sampla yako, ikiwa na sikwensa uliyoiandaa nyumbani: traki nane, chaneli 1 hadi 8, kila moja ikipiga noti kwa zamu, kisha zote pamoja na kodi nene. Dakika kumi zinatosha. Sikiliza kila tundu la kutolea. Zungusha kitufe cha duara cha data polepole: namba zikirukaruka au kurudi nyuma, kitufe hicho kimechakaa. Soma skrini kwenye giza. Mashine ikionyesha onyo la betri wakati wa kuwaka, betri ya kitufe ndani imeisha. Katika JV-1080 ni CR2032, ya bei ndogo, lakini sauti za mtumiaji zitafutika unapoibadilisha.

Kuunga

Mfano ni MPC1000 na JV-1080. Mashine nyingine hufuata njia hiyo kwa majina tofauti.

1. Vikiwa vimezimwa, peleka waya kutoka MIDI OUT A ya MPC hadi MIDI IN ya JV. Kwa waya za USB zenye plagi za MIDI, plagi iliyoandikwa OUT ndiyo inayoingia IN ya kifaa.
2. Peleka matundu ya MIX ya JV, kushoto na kulia, kwenye matundu ya kurekodi ya MPC. Chomeka vyote kwenye multiprise (kebo ya soketi nyingi) moja. Vikitumia soketi mbili tofauti mara nyingi husikika mngurumo wa hertz 50.
3. Weka JV kwenye Performance. Sehemu ya 1 ipokee chaneli ya 1, ya 2 chaneli ya 2, na kadhalika. Sehemu usizotumia zima upokeaji wake.
4. Tenga makoo ya besi.
5. Chagua ni sehemu ipi itakayomiliki efekti kubwa.
6. Kwenye MPC weka aina ya traki iwe MIDI, kisha 1A, 2A, 3A. Ukiiacha DRUM, kila noti ya besi itapiga na pedi.
7. Weka amri ya kubadilisha programu (yaani sauti) kwenye baa tupu kabla ya wimbo, kamwe si kwenye pigo la kwanza, kwa maana mashine inahitaji muda wa kupakia sauti.
8. Rekodi ukiacha nafasi ya desibeli (dB) 6 chini ya kiwango cha juu kabisa.

Makosa yanayorudi

Sauti nyembamba kama inayopita ndani ya bomba: noti inapigwa mara mbili. Hutokea na kinanda kinachoandikia sikwensa na kupokea kutoka kwake pia. Zima Local kwenye kinanda. Hali hiyo pia inakula makoo mara mbili.

Piano inalia kama dramu: uko kwenye chaneli ya 10, ambayo tangu General MIDI ya 1991 ni ya dramu. Iache wazi.

Sauti iliyotoka ni jirani ya uliyoichagua: mashine moja inahesabu programu kutoka 0, nyingine kutoka 1. Ongeza au punguza moja. Ikiwa mbali kabisa, benki (kundi la sauti) haijachaguliwa; tuma kontrola (amri za MIDI zenye namba) 0 na 32 kabla ya programu.

Sauti moja tu inalia, chaneli nyingine kimya: mashine imebaki kwenye hali ya Patch, yaani ya sauti moja.

Noti imeganda: tuma kontrola 123 kwenye chaneli ile. Kama inarudia kila mara mahali palepale, futa mikunjo ya pitch bend (kupinda noti) na aftertouch (kukandamiza kibonye) iliyojaa kwenye traki. Hiyo ndiyo inayoziba waya na kuchelewesha amri ya kuzima.

Kipande ulichokirekodi kinateleza dhidi ya dramu: umekata mwanzo kwa jicho. Sogeza mwanzo wa sampuli hadi pale wimbi linapoanza hasa, kisha urefu ulinganishe na hesabu, sekunde 16.00 kwa baa nane za tempo 120, wala si na mahali sauti inapoonekana kuisha.